Kabati Namba Kumi na Nne

Kazi yangu ni kusimama.
Mbele ya mlango zipo nguzo za saruji, fupi, nene,
zimepandwa kando ya barabara lori lisikaribie;
baada ya nguzo, mashine ya kukagua mikoba;
baada ya mashine, mimi, Wilfredo Choque,
mtoto wa Oruro, si Myahudi,
mwaka wa kumi na moja sasa
kati ya Torati zilizonusurika moto
na picha za mabwana harusi wasiocheka.

Jumanne moja ya Julai, baridi inauma mtaa wa Once,
akaingia bibi mmoja na mkoba wa vitunguu.
Kitambulisho kilisema: Jaike Zylberman.
Vinara vya fedha akavipita bila salamu,
akalipita pazia la nyuzi za dhahabu,
akakwama kwenye kabati namba kumi na nne.

Chombo cha ibada. Mbao ya mpea. Tarehe haijulikani.
Yawezekana kilitiwa manukato ya kuiagia Sabato.

Alicheka mpaka kioo kikashika ukungu.
"Manukato! Kijana, hili ni yai la kushonea soksi."

Kisha, kwa Kihispania chenye miiba ya Kiyidi,
akanisimulia baba yake:
mashuka begani, mlango hadi mlango,
Villa Crespo mpaka Lanús kwa miguu,
lipa kidogo leo, kidogo mwezi ujao,
na daftari la madeni ambalo hakulidai lote.
Visigino vyake vilitafuna soksi kama panya.
Usiku mama alilisukuma yai ndani,
tundu likang'aa kama upara,
na uzi ukaenda, ukarudi, ukaenda, ukarudi,
mume amelala na viatu mlangoni.

Mama yangu, nikamwambia, alitumia globu iliyoungua.
Akanitazama
kama mtu anayemtazama shahidi aliyechelewa kufika.

Ufunguo ninao. Sheria ninaijua.
Mkurugenzi, Daktari Nejama Furman, alikuwa ghorofani
akiomba pesa za paa kwa simu.
Sitasema zaidi,
ila yai lile ni jepesi kuliko linavyoonekana,
na upande mmoja lina mikwaruzo ya sindano,
midogo, mingi,
ambayo hakuna mtaalamu aliyeihesabu.

"Vua kiatu," akasema.
"Bibi, niko kazini."
"Hata mimi."

Sindano aliitoa kwenye ukosi wa koti,
uzi ukiwa umeshatungwa.

Kibao hakijabadilishwa.
Taarifa niliandika, nikaipeleka, imo ndani ya faili,
faili limo ndani ya sanduku, na sanduku
nadhani litapewa namba yake siku moja.
Watoto wa shule husoma "ibada" na kunakili
huku mwalimu akiwahimiza.

Nami nimesimama.
Soksi ya kahawia, mguu wa kushoto,
kiraka cha kijivu.
Kinanikwaruza kidogo nikigeuka.