Gumba

Tulifika kabla karani hajafungua,
Thoya na shati la kuazima, mikono mirefu mno,
mimi na bahasha ya picha nne
tulizopigwa jana kule Muyeye. "Msicheke,"
alisema mpiga picha, "hizi ni za serikali."
Tukanuna barabara.
Ungetuona, ungesema tunatafutwa na polisi.

Fomu yataka kujua: mume mtarajiwa, hali yake.
Karani ameinua kalamu. "Kapera?"
Thoya ananitazama.
Miaka kumi na mmoja kitanda kimoja,
watoto wawili, wa tatu amelala chini ya mkorosho,
kadzama ilinywewa kwa baba hadi sira
na mbuzi tunadaiwa mmoja tu.
"Andika kapera," nasema.
"Na wewe, bibi?"
"Mwali."
Na karani, maskini, anaandika.

Sikuja hapa kwa ajili ya harusi.
Nimekuja kwa sababu ya Yeri,
aliyeanguka mchana kweupe kwenye mashamba ya chumvi.
Mkewe alikwenda hadi getini, leso kichwani,
akaombwa karatasi.
Alikuwa na mimba ya miezi saba;
mimba haikuhesabiwa karatasi.
Pesa akapewa kaka wa marehemu. Akanunua pikipiki.
Usiku ule nilimwamsha Thoya:
sitaki keki, sitaki maua,
mimi nataka muhuri.

Sasa karani anasukuma kibati cha wino.
"Gumba la kushoto."
Thoya anabonyeza. Linatoka doa,
jeusi, laini kama punje ya kunde,
halina mstari, halina duara.
"Tena."
Doa.
"Futa mkono. Bonyeza taratibu, usiwe kama unaua kunguni."
Doa.
Karani anaipeleka karatasi dirishani, anaigeuza,
anairudisha mezani.
"Mzee, kidole hiki hakina mtu."

Thoya si mzee. Ana thelathini na tisa.
Ni chumvi hiyo, miaka kumi na minne
ya kukwangua, kurundika, kubeba.
Ilianza na kucha, ikahamia kwenye mistari,
ikailamba mmoja mmoja, bila haraka,
nami kila usiku nampaka mafuta ya nazi
nikidhani napaka ngozi,
kumbe napaka mahali alipokuwa.

Gumba la kulia. Doa.
Cha shahada, cha kati, cha pete. Madoa.
Nyuma yetu foleni imeanza kukohoa.
Mama mmoja mwenye buibui amesogea kuangalia
kama mtu anayetazama mchezo wa bao.
Ndipo nikakumbuka kile cha mwisho, mkono wa kulia,
kilichovunjika utotoni akianguka mnazini,
kikapona kimejikunja.
Hakishiki koleo. Hakishiki gunia.
Miaka yote hiyo kimekaa pembeni kama mgeni.

"Jaribu hicho," nikasema.
Karani akakinyoosha mwenyewe, polepole,
akakilaza kwenye wino, akakilaza kwenye karatasi,
na mistari ikatoka, mingi, myembamba, imezungukana,
mtu mzima kabisa kwenye ukucha wa nafasi.
Mama wa buibui akapiga kigelegele, kifupi,
akajifunika mdomo.
Karani akaandika pembeni: *kidole kidogo, kulia,
kwa idhini yangu*, akatia sahihi yake ndefu.

Tangazo letu liko ubaoni, siku ishirini na moja,
mwenye pingamizi ajitokeze.
Juu yake kiwanja kinauzwa Barani.
Chini, ng'ombe amepotea, mwekundu, ana pembe moja.

Jioni Thoya alinawa kwa sabuni ya kufulia.
Vidole tisa vilitakata mara moja,
wino haukuwa na pa kujishika.
Nikapika mchicha, nikaonja,
nikaushika mkebe wa chumvi,
nikaurudisha juu ya kabati.
Alikula, hakusema neno.
Ila kile kidole alikiinua muda wote, mbali na sahani,
cheusi bado,
asije akakilamba.