Vitufe Kumi na Kimoja

Nilipanda ngazi za Nvard Mazmanyan
Desemba, Gyumri imekakamaa kwa baridi,
begani mfuko wa zana: ufunguo wa nyuzi,
vipande vya sufu, uma wa sauti niliourithi kwa mjomba.
Niliambiwa kuna piano ya shule, haijaguswa na fundi
tangu siku ile ardhi ilipotupepeta
kama ngano ungoni.

Harufu ya tapentaini ndiyo iliyonifungulia mlango.
Kisha yeye: sweta la marehemu mumewe, vidole vya buluu,
penseli imechomekwa katika nywele nyeupe
kama mwiko uliosahauliwa chunguni.
"Usishike kitu," akasema, "kabla hujakisikiliza."

Ukuta sikuuona. Niliona karatasi,
na kwenye karatasi mistari mitano mitano, kama ya muziki,
ila mahali pa noti aligundisha
mbegu ya komamanga iliyokauka,
ukucha wa paka,
kivuli cha kijiko alichokichora kwa masizi.
Pembeni, kwa mwandiko mdogo kama sisimizi, maswali:

Je, kimya kina ukubwa?
Nani aliyeamua kwamba nyekundu haina sauti?
Ukimchora aliyeondoka, unampakia au unampakua?

Mimi ni fundi. Maswali ya namna hiyo
nawaachia walioshiba.
Nilivua glavu, nikainua kifuniko.

Ndani, kila nyundo imepakwa rangi yake,
zafarani, zambarau, kijani cha chupa,
na vitufe kumi na kimoja havisemi kitu;
ukivibonyeza vinazama tu
kama mguu katika theluji mbichi.

"Kazi ya saa mbili," nikasema. "Nyuzi mpya ninazo."

Hakunijibu. Aliketi, akacheza.
Wimbo sikuujua, na ulikuwa na matundu:
unapanda, unapanda, kisha
hapana ngazi,
na moyo unakanyaga hewa
kabla ya kuikuta sakafu, chini kuliko ulivyodhani.

"Hiki," akabonyeza kitufe bubu, "ni Hrant,
darasa la tatu, aliyekuwa akila chaki.
Hiki Siranush. Hiki ni pacha wake,
jina limenitoka, Mungu anisamehe,
ndiyo maana nakibonyeza kwa nguvu zaidi."

Nje jirani alikuwa akipasua kuni.
Kila shoka lilipotua, uzi mmoja wa besi
uliitika wenyewe gizani, ndani ya sanduku,
naye akainua kidole cha buluu: umesikia?
Nilisikia. Nilijifanya natafuta bisibisi.

"Na vilivyobaki?" nikauliza, kwa kuwa mtu lazima aulize jambo.
"Sabini na saba. Vyote vimepotoka."

Alifikiri muda mrefu, mpaka birika likapiga mluzi.
"Hivyo vipatanishe," akasema.
"Walio hai wasigombane kwa ajili ya wafu."

Nikapatanisha hadi taa za barabara zikawaka.
Nyuma yangu mkaa ulikwaruza karatasi bila kupumzika.
Hakuwa akinichora mimi, alisema,
alichora kelele zangu.

Malipo: chupa tatu za jamu ya aprikoti
na karatasi iliyokunjwa mara nne.
Nyumbani mke wangu aliifungua juu ya meza:
misukosuko ya mkaa, kama kundi la kunguru likipaa,
na upande wa kushoto mahali peupe pa kiganja kizima.
Chini yake, sisimizi wale wale:
Fundi, mkono wako wa kushoto unamngoja nani?

"Unamngoja nani?" naye akauliza, huku akicheka.

Hakuna mtu. Nadhani hakuna mtu.
Jamu imekwisha tangu Februari.
Lakini siku hizi, nikifika kwenye uzi wa mwisho,
katika nyumba yoyote, kwa mteja yeyote mwenye haraka,
naushika,
na siukazi papo hapo.