Jogoo wa Siranush

Usiangalie rangi, Arshak. Chota zege, fumba ngumi, fumbua.
Likimomonyoka, mchanga umezidi.
Likibaki na alama za vidole vyako, twende kazi.
Mkono hausemi uongo. Mwenye mkono ndiye husema.

Unaiona roshani ile ya kijani, ng'ambo ya barabara,
yenye vitunguu vilivyoanikwa?
Hiyo ni ya pili. Ya kwanza niliijenga mimi,
mwaka ambao theluji ilifunga njia ya Gyumri hadi karibu na Pasaka.
Nilipewa mifuko sita ya saruji. Minne ikaingia kwenye zege.
Miwili niliiuza usiku, nyuma ya ghala la jibini,
na hata leo siwezi kukuambia pesa ile ilinunua nini.
Hilo ndilo linaloniuma, kijana: sikumbuki.
Laiti ingekuwa dawa ya mtoto, ningekuwa na la kumwambia Mungu.

Ilisimama miaka miwili. Watu wakanisifu.
Kisha, Jumapili ya Matawi, Siranush akatoka kukung'uta zulia.
Nilikuwa kanisani, tawi la mwerebi mkononi.
Nikasikia kishindo, nikajua kabla mtu hajanijia.
Kosa humwita mwenyewe kwa jina.

Mguu wa kushoto. Waliukata chini ya goti.

Nilikwenda kwa Kasisi Ghevond nikitaka adhabu kubwa,
nitembee kwa magoti, nifunge siku arobaini,
kitu ambacho watu wangekiona.
Alikuwa akimenya viazi. Akanisikiliza mpaka mwisho.
"Mungu amekwisha kusikia," akasema. "Sasa kamwambie mwenye mguu."

Nikamwambia. Maneno mazuri sikuyapata.
Nilisema: Mifuko miwili. Niliiuza.
Akanyamaza mpaka chai ikapoa,
kisha akasema, "Bomba liko mbali na mlango wangu. Na kuni zimeisha."
Hakusema amenisamehe. Hajasema hadi leo.
Mwaka wa kumi na tisa huu, nabeba ndoo.

Sasa, mama huyo ana jogoo.
Huwika kabla ya alfajiri, juu ya ukuta unaotazama dirisha langu,
na kila akiwika naamka na mifuko miwili kifuani.
Miaka ya kwanza nilimlaani. Nilimwombea mbweha.
Halafu usiku mmoja nikamfikiria Petro.
Tunasoma alivyolia mara ile moja, tunafunga kitabu, tunakwenda kula.
Na kesho yake je? Majogoo wa Yerusalemu waliacha kuwika?
Kila mji aliokwenda kuhubiri ulikuwa na majogoo.
Kila alfajiri sauti ileile, ua lilelile, makaa yaleyale,
naye akaamka, akafunga viatu, akaenda kwa watu.
Na Bwana, aliyemjua vile alivyo, ndiye aliyemwita mwamba.
Mwamba, Arshak! Mimi ni mwashi, mawe nayajua.
Jiwe lenye ufa hatulisimamishi. Tunalilaza.
Likilala, linabeba.

Usinielewe vibaya. Mguu haukuota.
Sisemi kosa lilikuwa baraka; atakayesema hivyo
na aje apande ngazi za Siranush kwa gongo.
Nasema tu kwamba mimi nilitaka Mungu alifukie,
Yeye akalifukua, akaliajiri.

Majira ya baridi yaliyopita jogoo alizeeka, akakaukiwa sauti.
Asubuhi tatu nililala hadi jua likachomoza.
Ya nne nikaamka na hofu, kama mtu aliyesahauliwa.
Nikapanda basi mpaka sokoni Gyumri.
Muuzaji akanionyesha mmoja mpole, mnene, wa supu.
"Hapana," nikasema. "Nipe mwenye kelele."

Siranush alimpokea mlangoni, akampima uzito, akaguna.
"Huyu atatuamsha sote wawili," akasema.

Sote wawili.

Haya, fumba ngumi tena.
Unaona? Linamomonyoka. Ongeza saruji.