Lita Kumi a E

Mvua ya Tukuyu haina haraka.
Ilianza Jumatano; leo Ijumaa
bado inahesabu mabati ya jikoni, moja moja.
Mama kaifunika kompyuta kitambaa cha kufuma,
kile cha maua ya njano, cha siku za wageni.
"Haijafa," anasema. "Inakataa tu kuamka vizuri."

Naifungua ubavu kwa bisibisi ya cherehani.
Ndani mna vumbi la miaka kumi na mmoja,
unyoya wa kuku,
mende wawili waliokauka wakitazamana,
na punje ya mahindi ambayo sitauliza ilifikaje.
Napuliza. Nasugua meno ya kumbukumbu yake
kwa ufutio wa penseli, kama fundi wa Uyole
alivyonifundisha mwaka ule nililipa ada kwa viazi.
Inawaka. Feni inakohoa
kama lori la chai likipanda Katumba.

Kisha wanajitokeza.
Dirisha juu ya dirisha: Umeshinda simu! Bofya hapa!
Mwanamke tusiyemjua anatabasamu pembeni,
anasema yuko karibu nasi.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
hawa wana miaka minne humu
na hawajainua hata tuta.

"Nani kawakaribisha?"
Ipyana anatazama migomba nje.
Mdogo wangu huyu, urefu umemfika kabla ya ndevu.
"Ilikuwa nzito, dada. Nikapakua ya kuiharakisha.
Ikazidi. Nikapakua ya kuiponya ile ya kuiharakisha.
Halafu sinema moja.
Haikuwa sinema."
Na flashi yake je, ile iliyokwenda stendi kujazwa nyimbo,
ikapita stesheneri, ikalala kwa mwalimu wa zamu,
ikarudi nyumbani bila kunawa mikono?

Maneno ninayo. Nayameza na chai.
Ni mimi niliyemwaga uji kwenye kibodi hii
nikiwa darasa la tano.
Herufi N haijawahi kupona.

"Vya baba yenu vimo?"
Mama hasogei karibu. Anauliza akiwa mlangoni,
mkono mmoja una mwiko.
Nafungua folda iliyoandikwa BABA.
Nyeupe. Hamna kitu, hata jina.
Fundi wa Mbeya mjini alimwambia: futa yote, tuanze upya,
elfu thelathini.
Mama akaibeba mashine mgongoni kwa khanga,
akapanda gari la kurudi.

Naandika amri kwenye skrini nyeusi,
polepole, nikiikwepa N pale ninapoweza
na kuipiga kwa kidole gumba pale nisipoweza.
Kirusi hakikuwa kimekula. Kilikuwa kimeficha.
Yanapanda, faili moja baada ya lingine,
kama watu wanaotoka kanisani
baada ya ibada ndefu mno.

Maziwa. Karibu yote ni maziwa.
Baba, karani wa ghala la chai, aliyezoea
kuandika tarakimu kisha kuirudia kwa maneno
ili baadaye pasiwe na ubishi:

Mchugaji, lita 9, tisa, kalipa.
Mama Tusa, lita 6, sita, kalipa.
Mwasadube, lita 14, kumi a e, bado.

Miaka sita aliandika hivyo.
Hakuwahi kuniambia.

Ipyana ananyoosha kidole airudishe N mahali pake.
Mama kashafika; simsikii alivyofika.
Mwiko unamgonga kidogo kifundoni.
"Acha."
Anasoma tena mstari wa mwisho, midomo ikicheza.
"Lita kumi na nne," anasema.
"Na juzi Mwasandube kanipita sokoni
akaniamkia kama mtu asiye na deni.
Kesho nakwenda. Nakwenda na ndoo."

Ipyana ameiweka flashi mezani,
mbali na yeye, karibu na chumvi.
Ukaguzi umefika asilimia thelathini na moja:
wamekamatwa mia mbili na sita,
na bado wanahesabiwa.
Nje, mvua nayo.