Mtoto wa Mtia Nili

Usiniulize picha zake zina maana gani.
Tulimuuliza mwenyewe, darasa zima, mwaka wa hamsini na tatu.
Akachukua chaki, akaivunja.
Akasema: sauti hiyo mmeisikia?
Haya, ilikuwa na maana gani?

Bodrogi Etelka. Kwetu ukoo hutangulia,
jina la mtu likafuata nyuma kama mtoto aliyeshikwa mkono.
Alizaliwa Pápa, uani mwa karakana ya baba yake mtia nili,
ambako vitambaa viliingia pipani vyeupe
vikatoka kijani,
na hewa, hewa tupu, ikavigeuza buluu.
"Hapo ndipo nilipoacha kuyaamini macho," alituambia,
"nikaanza kuyatumia."

Kucha zake hazikutakata kamwe.
Hata Budapest, chuoni, alikokwenda na sanduku la mbao
na soseji mbili za mama yake ndani ya gazeti.
Alichora farasi, wakamsifu.
Alichora daraja, wakamsifu.
Kisha akamfuta farasi, akalifuta daraja,
akabakiza ule mvutano tu
baina ya kwato na ardhi,
baina ya chuma na maji.
Wakanyamaza.

Vita vikaja. Hivyo hakuvisimulia.
Alisema tu kwamba kipupwe kile
madaraja yote yalilala mtoni kwa ubavu,
na kwamba yeye, Mungu amsamehe,
aliona jinsi yalivyopendeza.

Baadaye wakaja watu wa kamati.
Walitaka trekta.
Kila ukuta ulitaka trekta, juu ya trekta msichana mwenye afya,
nyuma ya msichana ngano isiyokwisha.
Akawachorea moja.
Nyekundu. Nyekundu tu, mita tatu kwa mbili, kona hadi kona.
"Trekta iko wapi, komredi?"
"Mmesimama karibu mno."

Ndivyo alivyotufikia sisi, Szolnok,
watoto wa wafanyakazi wa reli:
somo la kuchora, saa moja kwa wiki,
chumba cha chini kilichonuka makaa na viatu vilivyolowa.
Rangi hatukuwa nazo. Tulikuwa na kijivu.
Akatufundisha kijivu kama wengine wanavyofundishwa sala:
kijivu cha maji ya kuoshea brashi,
kijivu cha shingo ya njiwa, ambacho ni kiongo,
kijivu cha mto Tisza mwezi wa Machi
barafu inapopasuka usiku na mbwa wote wa mji wakabweka.
Miezi miwili tulichora yai.
Yai lile lile. Likaoza. Tukaendelea.
Vendel, aliyekuwa na njaa kutushinda sote,
alichora sahani tupu.
Akampa tano, alama ya juu kabisa,
na mchana nusu ya mkate wake.

Usiku alichora zake.
Tulijua, maana asubuhi alikuja na rangi sikioni.
Turubai alizificha nyuma ya kabati,
na kabati likawa linasogea mbele mwaka hata mwaka
mpaka kitanda kikagusa mlango
na mgeni akaingia kwa kukunja tumbo.

Maonyesho yake ya kwanza yalimkuta na miaka sitini na mmoja.
Nyumba ya utamaduni, chai, biskuti, watu ishirini na wanane.
Niliwahesabu, kwani sikujua pengine pa kuweka macho.
Mzee mmoja, zamani mtu wa kamati,
alisimama mbele ya ile buluu kubwa
ambayo pembeni bado ilikuwa kijani, haijaamua.
Akavua kofia.
Sijui. Pengine ni joto.

Alipokufa tulikuta turubai mia mbili na tisa
na orodha, kwa mwandiko wake, ya wanafunzi wote
na kijivu alichokipenda kila mmoja.
Langu niliandikiwa: *moshi wa treni, baada ya treni*.

Sikuwa mchoraji. Napaka nyumba za watu.
Mteja husema, nipakie kijivu, fundi, cha kawaida tu.
Nami nasimama na kopo mkononi, mtu mzima na mvi zangu,
namuuliza: kipi?