Herufi Iliyotangulia

Kijana wa Konde atakuja Ijumaa, baada ya sala.
Laki na ishirini, tumeshakubaliana.
Mama keshakivua kile kifuniko cha kitambaa cha pazia
alichoishonea kompyuta mwaka iliposhuka bandarini,
kingo zote lesi, kama shela.
"Hiki hakimo kwenye bei," kasema, akakikunja.

Naufungua ubavu wake kwa bisibisi ya cherehani.
Vumbi jekundu la Limbani limelala juu ya feni,
na pembeni, mayai mawili ya mjusi,
makavu, matupu, mepesi kuliko pumzi.
Kumbe miaka yote hii
tulikuwa tunalea.

Nawasha. Inakohoa. Inafikiri.
Inataka paswedi.
Jina la mama: imekataa.
Jina la kaka Mbarouk aliyeko Maskati: hata kusita haikusita.
Jina langu: imekataa, nami nikaona haya kidogo.
Mama, macho kwenye mchele anaoupeta:
"Jaribu Zabibu."
Zabibu alikuwa ng'ombe.
Ikafunguka.

Barua tatu kwa ofisi ya ardhi, zote
"Kwa heshima na taadhima,"
ila ya tatu taadhima imeondolewa.
Kadi ya harusi ya watu nisiowajua.
Picha kumi na saba za kidole gumba
na sikukuu ikipita nyuma yake.
Kisha faili moja, zito kuliko yote,
kaliita mvua.

Safu mbili. Tarehe, na neno.
Miaka tisa, kwa kidole kimoja, baba:
Hakuna. Hakuna. Rasharasha.
Hakuna. Kubwa, bati limevuja chumba cha Raya.
(Raya ndiye mie.)
Hakuna. Vuli imechelewa. Hakuna.
Siku niliyoolewa: Hakuna, alhamdulillahi.
Siku niliyorudi na mabegi yangu: Kubwa.
Hakuna. Rasharasha. Rasharasha.
Halafu nashuka, nashuka,
na hakuna hata "hakuna."

Mashine inauliza, kwa adabu ya mgeni:
ubaki na mafaili yako
au uondoe kila kitu?
Fleshi ya jirani imeliwa na virusi.
"Mvua ya mwaka juzi," mama kasema, "utaifulia nini?"
Na ule mchele alikwisha kuupeta.
Anaupeta tena.

Nikabonyeza.

Asilimia tatu. Kumi na nne.
Nikaenda kutia maji kwenye birika, nikarudi: thelathini.
Arobaini na moja, umeme ukakatika,
mtaa mzima ukasema "aaah" kwa sauti moja.
Tukakaa gizani, mie, mama, na baba
aliyefutika chini ya nusu,
sijui imebaki miaka ipi,
ya kiangazi au ile ya bati.

Uliporudi, baada ya isha,
mashine ilianza upya, mwanzo kabisa,
kama mtoto aliyepotewa na aya.
Safari hii sikuitazama.
Asubuhi nikaikuta imeamka, safi, buluu,
inanisalimu: Karibu. Chagua lugha yako.
Miaka kumi na miwili nyumbani mwetu,
inaniuliza lugha.

Kijana kaja na pikipiki na kamba ya mpira.
Kagusa skrini, kagusa kipanya,
kapitisha vidole juu ya kibodi, akasita.
"Dada, hapa hapana herufi."
Kitufe kitupu, kimesuguliwa hadi kung'ara,
katikati yake kishimo kidogo, kina cha kidole.
"Hiyo ni A," nikamwambia. "Ilitangulia.
Lakini we andika tu. Neno gani la kwetu
utalimaliza usipite hapo?"

Akahesabu noti mara mbili, moja imebandikwa gundi.
Nje, rasharasha ikaanza.
Mama akatoka chumbani na kile kifuniko,
akaivisha, akavuta lesi zikakaa sawa,
akamwambia kijana, "Taratibu kwenye mashimo."
Bei haikutajwa tena.

Nikaingia ndani kutafuta kalamu.