Feti ya Efrazi

Leo Efrazi ametimiza sitini na minane,
na pensheni yangu ya reli, ya miezi mitatu iliyopita,
bado iko safarini.
Mimi niliyepanga saa za treni miaka thelathini na mmoja
nalijua vizuri neno "inakuja".

Kwa hiyo feti nimeiandaa kwa akili.

Unga nilikopa kwa Mama Kapya, vikombe viwili.
Nikamwambia ni wa uji. Sikusema uongo:
bukari ni uji uliokata shauri.
Nikaisonga ikasimama, nikaishindilia kwenye kopo la maziwa,
nikalipindua juu ya sinia, pu!
Keki. Ina hata mistari ubavuni, kama ya dukani.
Juu yake ndakala kumi na wawili wamelala kwa safu,
macho wazi wote, kama wageni waliofika mapema.
Wa kumi na tatu nilimla. Mpishi lazima aonje.

Munkoyo upo. Aliupika mwenyewe juzi
bila kujua anapikia sherehe yake.

Muziki ni wa baa ya Kasweshi, ukuta kwa ukuta.
Mwaka mzima tunaulalamikia.
Leo nimeufungulia dirisha.

Saa kumi na mbili jioni nikambipu Monga, kijana wetu wa Kolwezi.
Mlio mmoja, nikakata. Anaijua sheria ya baba yake.
Akapiga. Akamwimbia mama, wajukuu wakapokezana simu,
na Efrazi, machozi yakimlengalenga, akapaza sauti:
"Fupisheni! Uniti zinakwisha! Huo wimbo una beti ngapi?"

Nimeshika njiti ya kibiriti tu, umeme ukakatika Katuba nzima.
Nikaona hata shirika la umeme limechangia:
mshumaa mmoja, kazi mbili.
"Puliza," nikamwambia.
"Nipulize, halafu? Kibiriti kina njiti ngapi?"
Zilikuwa nne.
Basi akapuliza pembeni kidogo, kwa heshima.
Moto ukainama, ukamsalimu, ukasimama tena.

Kisha zawadi.
Karatasi ni ile ile ya maua mekundu
ambayo wauguzi wenzake walimfungia birika siku alipostaafu.
Akaifungua kwa ncha ya kucha, asiichane,
akaikunja mara nne kabla hajatazama kilichokuwa ndani,
maana mwezi wa tisa ni zamu yangu.

Ndani, miwani yake, iliyopotea tangu Pasaka.
Niliikuta chini ya kuku anayeatamia.
"Banza! Unanipa kitu changu mwenyewe!"
"Mguu mmoja ulivunjika," nikasema. "Waya ni wangu."

Akaivaa, akaisogeza kadi karibu na moto.
Kadi tuliinunua mara moja tu, alipotimiza sitini,
na mwenye duka nilibishana naye mpaka akakaa chini.
Sitini imekatwa kwa kalamu. Sitini na moja imekatwa.
Sitini na mbili, ule mwaka wa goti. Sitini na tatu.
Kidole chake kikashuka taratibu, namba kwa namba,
mpaka kwenye wino ambao haujakauka.

"Nafasi imebaki ndogo," akasema.
"Naandika kwa herufi ndogo."
"Ndogo kiasi gani?"
"Nimepima kwa rula. Tunafika tisini na nne."

Akanyamaza. Kwa Kasweshi jenereta likakohoa, likawaka,
muziki ukarudi katikati ya neno.
Efrazi akanimegea keki, upande wenye ndakala watatu.
"Na baada ya hapo?"
"Kadi ina mgongo."

Akacheka mpaka miwani ikaning'inia kwenye waya wangu.
Halafu akalamba vidole viwili,
akaubana utambi, tsss, giza.
"Efrazi! Bado tunakula!"
"Kusoma tumeshasoma," akasema.
"Njia ya kinywani haitaki taa."